Maswali ya Wasomaji: SMS au RCS kwa Wateja Wetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia mawasiliano na wateja katika kampuni inayohudumia watu kwa miadi. Tumezoea kutuma SMS za kuwakumbusha wateja siku zao na, mara mojamoja, kuwatangazia huduma mpya. Sasa wakala anayewatumia wateja meseji kwa niaba yetu anatushauri tuhamie RCS, aina mpya ya meseji za simu zinazopita kwenye intaneti, akisema kwamba SMS imepitwa na wakati na kwamba wateja wanataka nembo, picha na vitufe vya kubonyeza. Wakuu wangu wamevutiwa. Mimi bado ninasita. Je, tuhame?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wangu ni kwamba msihame, bali muongeze, na muongeze kwa zile meseji tu ambazo mteja anatakiwa kuzijibu. Wakala wenu hakukosea kuisifu RCS. Alikosea kuizika SMS, kwa sababu hizi ni njia mbili zinazomfikia mtu kwa namna tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua ujumbe upi upite wapi.

SMS, ambayo ya kwanza ilitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ilibuniwa ipite katika njia ambayo mtandao wa simu huitumia kwa shughuli zake wenyewe, bila kutegemea intaneti. Ndiyo maana humfikia mtu ambaye bando lake limekwisha na mtu mwenye simu ndogo isiyo na programu yoyote. Na simu ikiwa imezimwa, kituo cha meseji cha kampuni ya simu huuhifadhi ujumbe kwa muda na kuufikisha inapowashwa. RCS husafiri kwa intaneti. Inahitaji simu janja, programu ya meseji inayoielewa, huduma iwe imewashwa, na kampuni ya simu ya mteja iwe inaikubali. GSMA, jumuiya ya kampuni za simu duniani, ilitoa kiwango kimoja cha pamoja cha RCS mwaka 2016, na Google ikakieneza katika simu za Android, lakini wenye iPhone walibaki nje mpaka Apple ilipoiingiza RCS katika iOS 18, toleo la mfumo unaoendesha iPhone, mnamo Septemba 2024. Kwa hiyo ni kweli kwamba wanaoweza kufikiwa wameongezeka, ila si wote, na wangapi kati ya wateja wenu wamo ni jambo linaloweza kupimwa: mwombeni wakala aipitishe orodha yenu katika mfumo, kwa kuwa mfumo wa RCS unaweza kuulizwa iwapo nambari fulani inapokea au haipokei. Kabla ya kupata jibu hilo, msisaini chochote.

Sasa tuje kwenye manufaa yenyewe. Picha na rangi huvutia wakuu katika vikao, lakini kwa kazi yenu mimi ningeangalia vitufe kwanza. Katika SMS mnamwandikia mteja kwamba ana miadi kesho na kumwomba ajibu 1 akithibitisha au 2 akitaka kubadili. Wapo watakaojibu 1, wapo watakaoandika sentensi nzima ambayo mfumo hauielewi, na wapo watakaopiga simu kuuliza jambo ambalo lingemalizwa kwa kugusa mara moja. Katika RCS ujumbe uleule huja na vitufe vinavyosema “Nitakuja” na “Nibadilishieni siku”, pamoja na kitufe kinachoiweka miadi kwenye kalenda ya simu na kingine kinachofungua ramani ya mahali. Mteja haandiki kitu, mfumo haukisii, na nafasi itakayoachwa wazi mnaijua mapema, wakati bado kuna mtu mwingine wa kupewa. Maandishi ya kitufe hayaruhusiwi kuzidi herufi 25, jambo ambalo naliona jema, kwa sababu linamlazimisha mwandishi aseme hasa anachotaka mteja afanye.

Taarifa isiyohitaji jibu, kwa mfano kwamba malipo yamepokelewa au kwamba ofisi itafungwa mapema, haipati faida kubwa kwa kupambwa. Itumeni kwa SMS, kwa maneno machache, ifike. Kuhusu matangazo, RCS huruhusu kadi za picha zinazosogezwa kando, kuanzia mbili hadi kumi kwa ujumbe mmoja. Msizijaze zote. Mtu aliyefungua meseji hakuja kupekua katalogi, na kadi mbili au tatu zilizochaguliwa kwa kumfikiria yeye zinatosha.

Mkianza, kuna jambo moja la kiufundi ambalo nawasihi mlisimamie wenyewe. Wakala atawaambia kwamba ujumbe wa RCS usipopokelewa, mfumo utatuma SMS badala yake. Ni kweli, lakini ujumbe wa kwanza haupotei. Hubaki ukisubiri kwenye seva, na simu ikirudi kwenye intaneti unaweza kufika pia, usipofutwa kwanza. Mteja atapata kikumbusho kilekile mara mbili, pengine cha pili kikija miadi imekwisha kupita. Ulizeni wazi kama mfumo huufuta ujumbe wa RCS kabla ya kutuma SMS, na baada ya muda gani.

SWALI: Tunatuma SMS tu, tena fupi, lakini ankara inaonyesha idadi ya meseji karibu mara tatu ya zile tulizotuma. Je, RCS ingekuwa nafuu?

JIBU: Kabla ya kulinganisha, chunguzeni mnachoandika. SMS moja hubeba herufi 160 ikiwa herufi zote zimo katika orodha ya msingi ya mitandao ya simu. Ikizidi hapo hugawanywa katika vipande vya herufi 153, na kila kipande hutozwa kama meseji kamili. Ikiingia alama moja tu isiyomo katika orodha hiyo, kama vile emoji, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa herufi, na nafasi hushuka hadi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 150 uliopambwa kwa emoji moja hutozwa kama meseji tatu.

Kwa wanaoandika Kiswahili kuna mtego ambao wengi hawauoni. Alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ambo na ng'oa, ikichapwa wima, imo katika orodha ya msingi. Lakini programu nyingi za kuandikia huipinda zenyewe, na ritifaa iliyopinda haimo. Alama za kunukuu zilizopinda zina shida hiyohiyo. Baadhi ya mifumo ya kutuma meseji husahihisha jambo hili na mingine haifanyi hivyo, basi msinakili maandishi kutoka kwenye waraka bila kuyakagua.

Kuhusu RCS, utozaji wake ni wa namna nyingine: mara nyingi kuna bei ya ujumbe mfupi wa maandishi, bei ya ujumbe wenye picha na vitufe, na wakati mwingine bei ya mazungumzo yanayohesabiwa kwa saa 24 hata kama meseji ni nyingi. Ikiwa wateja wenu hujibizana nanyi, hesabu hiyo ya mwisho inaweza kuwafaa sana. Ikiwa mnatoa taarifa tu, sahihisheni SMS zenu kwanza.

SWALI: Matapeli wamekuwa wakiwaandikia wateja wetu kwa jina letu. Je, tukihamia RCS tutakuwa tumelimaliza tatizo hili?

JIBU: Mtakuwa mmelipunguza, hamtakuwa mmelimaliza. Katika RCS jina na nembo ya mtumaji huonekana baada ya biashara kuhakikiwa, pamoja na alama ya uthibitisho, jambo ambalo SMS haina. Jina la mtumaji wa SMS linaweza kughushiwa mahali ambapo mitandao haiyadhibiti majina hayo, na kibaya zaidi ni kwamba simu nyingi hupanga meseji kwa kufuata jina, hivyo ujumbe wa tapeli hukaa chini ya kikumbusho chenu halisi cha wiki iliyopita. Lakini nyinyi mkihama, tapeli hahami. SMS yake itaendelea kuingia, na mteja asiyejua kwamba mmehama hana sababu ya kuitilia shaka. Waambieni wateja mapema, kwa njia zote mlizonazo, kwamba sasa mnawaandikia kwa jina lililothibitishwa, kwamba hamtaomba nambari ya siri kwa ujumbe wa aina yoyote, na kwamba hamtaweka kiungo cha malipo ndani ya SMS. Kisha mlishike neno hilo bila kulivunja hata mara moja, kwa sababu kiungo kimoja kilichotumwa na idara yenu ya mauzo kwa haraka kitawafundisha wateja kumwamini tapeli.

SWALI: Mteja aliyekubali kupokea SMS, je, amekubali na RCS?

JIBU: Angalieni alikubali nini hasa. Aliyeridhia kukumbushwa miadi hakuridhia matangazo, na kubadili njia hakuwapi ruhusa mpya. La kuangalia zaidi ni kujiondoa: mteja akisema katika RCS kwamba hataki tena, nanyi mkawa na orodha mbili zisizozungumza, mfumo utaona RCS haipiti kisha utamtumia SMS. Orodha ya waliojiondoa iwe moja, na isomwe kabla ya kila ujumbe, kwa njia yoyote unayotumwa.