Fundi wa kuigiza asiwe mwanafunzi

Mara ya kwanza nilipowaigizisha wanafunzi wangu wa ujenzi hapa Tanga, darasa liligeuka ukumbi wa vichekesho. Mteja anafoka, fundi kalewa, mhandisi kavaa miwani ya jua. Tulicheka mpaka machozi, na hakuna aliyejifunza kitu. Kosa langu: niliwagawia vyeo, sikuwagawia karatasi.

Siku hizi naanza na karatasi. Kuna mchoro, daftari la saiti na majibu ya maabara: zege la nguzo ni la daraja 25, yaani siku ya 28 lifikie niutoni 25 kwa milimita mraba, lakini vipande vya majaribio vilivyovunjwa siku ya 7 vimetoa niutoni 11 kwa milimita mraba. Kwa kawaida siku hiyo zege huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu ya siku 28, yaani 16 hivi. Mkandarasi anataka kumwaga slebu, sakafu ya zege ya juu ya nguzo, wiki hii; mbao za fomu za kushikilia zege bichi kakodi. Mteja anataka kuhamia. Mhandisi mshauri atoe maagizo kabla kikao hakijaisha, tena kwa maandishi. Ya mdomo yatakuponza saitini.

Kisha kila mmoja anapewa kadi ya siri. Ya fundi inasema: zege lilikuwa gumu, nikaongeza maji. Ndiyo siri ya majibu yale ya maabara, maana maji yakizidi zege hudhoofika.

Nafasi hiyo usimpe mwanafunzi. Mimi nilimwomba fundi mstaafu wa Ngamiani, mtu aliyeshika mwiko kabla hawa hawajazaliwa. Kijana aliyekuwa mhandisi akamwamkia, "Shikamoo babu," akaketi, basi. Dakika 40 alibishana na mkandarasi, akataja nyundo ya Schmidt ya kupimia ugumu wa zege, akataja kukata sampuli kwenye nguzo, yote sahihi. Babu kaegemea ukuta, kadi mfukoni.

Baada ya igizo tenga muda mrefu wa kuzungumza, hata kama kipindi cha mwenzako kinangoja. Hapo ndipo kijana aliposema aliona ni utovu wa adabu kumhoji mzee. Mtihani wangu wa zege usingeniambia hilo kamwe.

Wiki iliyofuata tukarudia.

"Babu, naomba unieleze siku ile mlivyokoroga."

"Ndoo mbili za ziada kila mkorogo, mhandisi. Koleo lilikuwa haliingii."

"Mbona juzi hukusema?"

"Nani aliniuliza, mwanangu?"