Maswali ya Wasomaji: Steringi wa disko alifikaje bungeni?

Swali: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Sisi tuliokua miaka ya 1980 tulimjua Mithun Chakraborty kwa kucheza disko katika kanda za video zilizoazimwa nyumba kwa nyumba hadi picha ikawa haionekani vizuri. Majuzi nimesikia kwamba aliwahi kuwa mbunge nchini India, na kwamba amekwisha kuhama vyama. Je, ni kweli? Aliingiaje katika siasa, na huko amefanya nini? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ni kweli, ndugu msomaji, ingawa siasa hazikumpata Mithun uzeeni kama wengi wanavyodhani, zilimtangulia hata sinema yenyewe. Alizaliwa mwaka 1950 katika mji wa Kolkata, ambao wakati huo ukiitwa Calcutta, akasoma kemia katika chuo cha Scottish Church, na ujanani akajiunga na harakati za Wanaksali, wakomunisti wa msimamo mkali walioitwa hivyo kutokana na kijiji cha Naxalbari, kaskazini mwa Bengal Magharibi, jimbo ambalo Kolkata ni makao yake makuu, ambako wakulima waliwaasi wenye ardhi mwaka 1967. Kifo cha ndugu yake wa kiume katika ajali kilimrudisha kwa wazazi wake. Akaziacha harakati, na baadaye akaenda kusomea uigizaji katika chuo cha filamu cha Pune.

Filamu yake ya kwanza, *Mrigayaa* ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Mrinal Sen, haina hata chembe ya disko. Humo yeye ni Ghinua, mwindaji wa enzi ya ukoloni ambaye amezoea kumpelekea afisa wa Kiingereza mawindo yake na kupewa zawadi. Mkopeshaji fedha anapomteka mke wake, Ghinua anamuua na kwenda kwa afisa yuleyule kwa fahari, akiamini kwamba safari hii ameua mnyama hatari kuliko wote. Zawadi anayoipata ni kitanzi. Mithun alitunukiwa Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora, heshima ambayo waigizaji wengi wakubwa hustaafu bila kuigusa. *Disco Dancer*, filamu unayoikumbuka bila shaka, ilikuja mwaka 1982, na katika Umoja wa Kisovyeti peke yake iliuza tiketi zipatazo milioni 60.

Kwa miaka mingi alikuwa karibu na viongozi wa chama cha kikomunisti cha CPI(M), ambacho pamoja na washirika wake kilitawala Bengal Magharibi kuanzia mwaka 1977 hadi 2011, lakini hakugombea cheo chochote. Mamlaka yalipokwenda kwa Mamata Banerjee na chama chake cha Trinamool Congress, Mithun naye akasogea huko, na mwaka 2014 chama hicho kikamwingiza Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge la India. Ieleweke kwamba wajumbe wengi wa baraza hilo huchaguliwa na wabunge wa mabunge ya majimbo, wala si na wananchi moja kwa moja. Kwa hiyo aliitwa mheshimiwa bila kumwomba mtu yeyote kura.

Ubunge huo haukuacha alama ya kukumbukwa. Vikao alivyohudhuria vilikuwa vichache mno, na muda si mrefu jina lake likatajwa katika sakata la Saradha, kundi la kampuni zilizoendesha upatu mkubwa na kuanguka mwaka 2013, zikiwaacha wanakijiji wengi wa Bengal bila akiba zao. Mithun alikuwa amelipwa ili awe sura ya matangazo yao. Wachunguzi wa serikali kuu walimhoji, naye mwaka 2015 akarejesha takriban rupia milioni 12 alizokuwa amepokea, hatua ambayo kwa maoni yangu ilimpa heshima kuliko kikao chochote cha Bunge. Desemba 2016 alijiuzulu akitaja afya.

Wengi walidhani amekwisha kisiasa. Lakini tarehe 7 Machi 2021 alipanda jukwaani katika uwanja wa Brigade, Kolkata, akajiunga na BJP, chama cha Waziri Mkuu Narendra Modi, siku ambayo Modi mwenyewe alihutubia mkutano huohuo. Hakuzungumzia sera. Aliwapa watu maneno ya kisinema: kwamba yeye si nyoka wa majini asiye na sumu, yeye ni swila, akikuuma mara moja tu unageuka picha, yaani picha ya marehemu inayotundikwa ukutani. Umati ulishangilia, kwa kuwa tangu *MLA Fatakeshto* ya mwaka 2006, ambamo aliigiza mhuni aliyepewa uwaziri kwa siku saba, Wabengali walikuwa wamezoea kumsikia akitishia watu kwa namna hiyo. Polisi wa Kolkata hawakucheka. Baada ya uchaguzi wa bunge la jimbo wa mwaka huo kufuatiwa na ghasia, walimhoji kwa njia ya video tarehe 16 Juni, siku yake ya kuzaliwa, naye akajitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya filamu tu. BJP ilipanda kutoka viti 3 hadi 77, lakini bunge la jimbo lina viti 294 na Trinamool ilishinda tena kwa kishindo. Mithun mwenyewe hakusimamishwa katika jimbo lolote la uchaguzi.

Swali: Je, waigizaji wa Kibengali hufika mbali katika siasa kama wale wa kusini mwa India? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Hapana, na tofauti ni kubwa. Kule kusini, M. G. Ramachandran aliunda chama chake na kuwa waziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu mwaka 1977, na N. T. Rama Rao akaanzisha chama mwaka 1982 na kutwaa Andhra Pradesh mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Kolkata haijawahi kuwa na steringi wa namna hiyo. Huko chama ndicho mwenye nyumba, kina matawi na makada hadi kijijini tangu enzi ya wakomunisti, na mwigizaji hukaribishwa kama mpiga debe anayevuta umati. Mwigizaji Satabdi Roy alishinda kiti cha ubunge cha Birbhum kwa tiketi ya Trinamool mwaka 2009 na ameendelea kurudi bungeni. Mwigizaji mwenzake Tapas Paul, aliyeshinda kiti cha Krishnanagar mwaka huohuo, alikamatwa mwaka 2016 katika kesi ya kampuni nyingine iliyokusanya akiba za watu, akafariki mwaka 2020.

Swali: Je, Mithun ameacha kuigiza? (Msomaji, Tanga)

Jibu: La. Desemba 2022 alitoka katika *Projapati* akiwa baba wa Dev, mwigizaji ambaye katika maisha halisi ni mbunge wa Trinamool. Filamu hiyo haikupata nafasi Nandan, ukumbi wa serikali ya jimbo, na wanasiasa wa pande zote mbili wakarushiana maneno kwa siku kadhaa huku kumbi nyingine zikijaa. Mwaka 2024 Mithun alipewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, ya juu kabisa katika sinema ya India. Dev naye mwaka huo alitetea kiti chake cha Ghatal, na mgombea ambaye BJP ilimsimamisha dhidi yake, Hiran Chatterjee, alikuwa mwigizaji pia. Dev akashinda.