Puma wa Lambrate: maswali yenu kuhusu Fabio Treves

Toleo lililopita nilimtaja juu juu Fabio Treves, mpiga harmonika (kinanda cha mdomo) wa Italia. Maswali yamemiminika, nayajibu machache.

Huyu Treves ni nani hasa?
Ni mtoto wa Milano, aliyezaliwa 1949. Mwaka 1974 aliunda Treves Blues Band, mojawapo ya bendi za mwanzo kabisa za bluzi nchini Italia. Wenyewe humwita Puma wa Lambrate. Lambrate ni mtaa wa Milano wenye historia ya viwanda. Skuta za Lambretta zilitengenezwa huko.

Eti alipiga na Frank Zappa?
Ndiyo, mwaka 1988, Milano na Genova, katika ziara ya mwisho ya Zappa, mwanamuziki wa roki wa Marekani. Kabla ya hapo alikuwa ameshapiga na Mike Bloomfield, mpiga gitaa wa Chicago. Na mwaka 2016 bendi yake ilifungua onyesho la Bruce Springsteen, mwimbaji wa roki wa Marekani, pale Circo Massimo, uwanja wa kale wa Roma.

Mbona wapigaji hawa hupanda jukwaani na harmonika tele? Moja haitoshi?
Haitoshi. Harmonika ya bluzi ina matundu 10 na vijilimi 20 vya shaba, yaani vibamba vyembamba vinavyotetemeka na kutoa sauti, na kila harmonika ina ufunguo wake, yaani noti ya msingi ambayo wimbo hujengwa juu yake, kama C au G. Wimbo ukihama ufunguo, nawe unabadili chombo. Halafu kuna ujanja: bendi ikipiga katika G, mpigaji huchukua harmonika ya C. Akivuta pumzi kwenye matundu manne ya kwanza, anapata kodi (chord) ya G, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Isitoshe, upande huo wa chini ni noti za kuvuta ndizo zinazokubali kupindwa, yaani kushushwa sauti: unarudisha ulimi nyuma kidogo, unabadili nafasi ya kinywa, na sauti inateremka kama mtu anayelalamika. Ukipuliza tu utapata nyimbo za chekechea. Wengi hukwama kwenye tundu la pili, kwa sababu huvuta kwa nguvu mno, na vijilimi vikilazimishwa hupoteza sauti zake.

Mwitaliano na bluzi ya Wamarekani weusi, si kuiga tu huko?
Kila anayeanza huiga, sioni aibu yake. Harmonika yenyewe ilitoka Ulaya: fundi Matthias Hohner alianza kuzitengeneza Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857. Zilifika Marekani kwa bei nafuu, na watu weusi wa Kusini wakazipa lugha ambayo mafundi wa Trossingen hawakuiwazia. Treves aliisoma lugha hiyo, na kwa zaidi ya nusu karne ameizungumza akiwa kwao Milano. Mwigaji hadumu hivyo.

Nataka kuanza. Ninunue ipi?
Ya C, ya matundu 10. Ukimaliza kupiga, igonge kiganjani, matundu yakitazama chini, mate yatoke. Na usimwazime mtu, hata ndugu yako.