Maswali Yenu: Mieleka ya Wanaume kwenye Olimpiki

Fainali ya kilo 125 Tokyo, Mgeorgia alikuwa mbele 8–5 zikibaki sekunde chache tu. Mwishowe Mmarekani akatangazwa mshindi 10–8. Hesabu hiyo ilitoka wapi? *Msomaji, Tanga*

Ilitoka kwa miangusho miwili na rufaa moja. Ukimshusha mwenzako mkekani ukamdhibiti kwa nyuma, unapata pointi 2. Mmarekani, Gable Steveson, alimshusha Mgeorgia, Geno Petriashvili, ikawa 8–7. Akamwachia asimame, akamzunguka tena akamshusha ikiwa imebaki chini ya sekunde moja: 9–8. Upande wa Georgia ukakata rufaa ya video, ikakataliwa, na rufaa ikikataliwa mpinzani huongezewa pointi 1. Ndiyo ile ya kumi.

Pointi nyingine za kukariri: mguu wa mpinzani ukitoka nje ya duara, 1, ukimgeuza mgongo uangalie mkeka, 2, ukimtupa kutoka wima akaangukia mgongo moja kwa moja, 4, na mtupo wa juu unaochora upinde mkubwa hewani, 5. Tofauti ikifika 10 kwenye mtindo huru (unaoruhusu kushika miguu), au 8 kwenye Kigiriki-Kirumi (usioruhusu kushika chini ya kiuno), pambano husimamishwa. Na mabega yote mawili yakikitwa mkekani, yamekwisha, hata kama aliyekitwa alikuwa anaongoza kwa pointi tisa.

Ubao unasoma 2–2, muda umekwisha, refa anainua mkono wa mmoja bila muda wa nyongeza. Ni haki? *Msomaji, Nakuru*

Ni haki. Kwanza hutazamwa nani amepata pointi kubwa zaidi kwa mkupuo mmoja. Aliyemwangusha mwenzake mara moja (2) humshinda aliyemsukuma nje mara mbili (1 na 1). Hapo wakilingana, hutazamwa mwenye maonyo machache. Wakilingana tena, aliyepata pointi ya mwisho ndiye mshindi. Kwa hiyo ubao ukisoma 1–1 katika nusu dakika ya mwisho, jiulize nani alipata pointi ya pili: huyo atajilinda, na mwenzake lazima ashambulie.

Mtu amepigwa raundi ya kwanza, kesho yake anagombea shaba. Amerudije? *Msomaji, Bujumbura*

Amerudishwa na aliyempiga. Yule mshindi wake akifika fainali, wote aliowapiga njiani hufufuka. Paris 2024 kila uzito ulipangiwa watu 16: aliyepigwa raundi ya kwanza hukutana na aliyepigwa robo fainali, na atakayeshinda anagombea shaba na aliyepigwa nusu fainali. Kwa kuwa fainali ina watu wawili, shaba nazo ni mbili.

Kwenye Kigiriki-Kirumi, aliye juu anambingirishaje mtu wa kilo 130 aliyelala kifudifudi? Najaribu mazoezini, mwenzangu hatikisiki. *Msomaji, Morogoro*

Huenda unavuta kwa mikono, na mikono peke yake haitoshi. Zungusha mikono kiunoni, chini kidogo ya mbavu za mwisho, fumbata kiganja kwa kiganja, na bana shavu lako mgongoni kwake kusiwe na upenyo. Usimbingirishe bado. Kwanza nyanyua nyonga zake zitengane na mkeka, hata kwa upana wa vidole viwili. Nyonga zikiwa chini, umekumbatia gogo lenye mizizi. Zikishatoka, ingiza nyonga zako chini yake, jikunje daraja kwa shingo na nyayo, ndipo umzungushe. Mgongo wake ukiinamia mkeka kwa chini ya nyuzi 90, pointi 2. Mizunguko minne mfululizo ni 8, na pambano limekwisha.

Makosa tunayoyaona sana: kushika juu kifuani, ambako mbavu ni pana na jasho linateleza, kupachikanya vidole, vikateguka, na kuzungusha bila daraja, ukaishia kulalia mgongo wako mwenyewe. Daraja lifanyie mazoezi peke yako kwanza, shingo izoee.

Ni kweli kuna aliyepunguza zaidi ya kilo nne usiku mmoja? Nami nifanye? *Msomaji, Muscat*

Ni kweli, na usifanye. Paris, Aman Sehrawat wa India baada ya nusu fainali alikuwa na kilo 61.5, na uzito aliogombea ni 57. Olimpiki hupima asubuhi zote mbili za mashindano, na anayezidi siku ya pili anaondolewa na kuwekwa wa mwisho. Usiku ule alipiga mieleka ya saa moja na nusu, akaoga maji ya moto, akakimbia kwenye mashine, akaingia sauna kwa vipindi vya dakika tano tano. Kabla ya alfajiri mizani ikasoma 56.9, na shaba akaipata. Rei Higuchi wa Japani, aliyemtoa nusu fainali akachukua dhahabu, mwaka 2021 aliwahi kuzidi gramu 50 tu kwenye mchujo wa Asia, akazuiwa kupigana.

Sehrawat alikesha na makocha pembeni yake. Jasho linapotoka hivyo, damu inapungua wingi, moyo unakimbia, na joto la mwili linakosa pa kutokea. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakipunguza uzito kwa njia za namna hii, baadhi wakiwa wamevaa nguo za mpira zisizopitisha hewa. Baada ya hapo nguo hizo na sauna zikapigwa marufuku kwenye mieleka ya vyuo. Ukizidi kilo nne, panda uzito unaofuata.

Masikio ya wanamieleka yamevimba kama koliflawa. Yanatibika? *Msomaji, Mombasa*

Yakiwahiwa. Msuguano hutenganisha ngozi na gegedu, damu ikajaa katikati. Daktari akiivuta kwa sindano mapema na kulifunga sikio kwa kulibana, hurudi umbo lake. Damu ikishaganda na kugeuka tishu ngumu, hapo ni upasuaji tu. Mazoezini vaa kinga ya masikio.