Kufuta Ada Kulivyozaa Matokeo Mawili

Wiki iliyopita jarida hili liliuliza: kati ya Kenya na Tanzania, ni nchi ipi iliyofanikiwa zaidi kuandikisha watoto katika elimu ya awali tangu mwaka 2000? Nimefundisha darasa la awali miaka mingi huku Rombo, upande wa Tanzania, mpakani kabisa, na naona swali hili halijibiki kwa kuweka asilimia za nchi hizo mbili sambamba.

Kenya ilitangulia, tena kwa nguvu za wazazi. Shule za chekechea zilijengwa kwa harambee na kuendeshwa kwa ada ndogo, ambayo ndiyo iliyomlipa mwalimu. Januari 2003, ada ya shule ya msingi ilipofutwa, ile ya chekechea ilibaki. Mzazi mwenye shida alipoona darasa la kwanza ni bure na chekechea ina malipo, alimweka mtoto nyumbani mpaka afikishe umri wa kuanza shule, na katika maeneo mengi ya watu wa kipato cha chini madarasa ya wadogo yakapungukiwa na watoto. Ni baada ya Katiba ya 2010 kuikabidhi elimu hiyo kwa serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, ndipo walimu wengi walipoanza kulipwa na umma.

Kwetu darasa la awali liliwekwa ndani ya shule ya msingi, chini ya mwalimu mkuu yule yule, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Ada na michango ilipofutwa Januari 2016, awali nayo ilihusika. Walioandikishwa wakapanda kutoka takriban milioni 1.07 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Hatua iliyowaondoa watoto darasani kwa jirani ndiyo iliyowaleta kwetu kwa wingi, na sababu ni mahali darasa lilipowekwa tangu mwanzo.

Lakini nawasihi wasomaji wawe waangalifu na ongezeko hilo. Kiwango cha jumla cha uandikishaji huchukua wote walioko darasani, wa umri wowote, kikawagawanya kwa idadi ya watoto wenye umri rasmi. Kenya ina miaka miwili ya awali, wa miaka minne na wa mitano. Sisi tuna mmoja, wa miaka mitano. Mtoto wa miaka minne aliyebaki nyumbani Kenya anaishusha asilimia ya Kenya, ilhali wa kwetu hahesabiwi kabisa, na akija darasani anaipandisha.

Na walikuja. Asubuhi moja ya Januari 2016 bibi mmoja alinikabidhi mjukuu wake pamoja na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Kadi ilionyesha kwamba mtoto alikuwa bado hajatimiza miaka minne. Nilimweleza bibi, naye akanijibu kwamba shambani hana wa kumwachia. Chumbani walikuwa wamekwisha kukaa watoto zaidi ya 90, wengi wao mkekani, wakati mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nilimpokea. Mwaka 2017 alirudi darasa lile lile, nikamwandika upya kwenye rejista, na mwaka 2018 vilevile, maana hapo ndipo alipofikisha miaka mitano.