Vikao vya chama jioni, mtoto nyumbani: niache?

SWALI: Dada shikamoo. Nina watoto watatu, mdogo ana miezi saba, nafanya kazi kiwanda cha nguo hapa Dar. Wenzangu wamenichagua mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwa sababu bosi hataki kutupa muda wa kunyonyesha, mtu unakaa kwenye cherehani mpaka maziwa yanalowesha blauzi. Shida vikao ni jioni baada ya shifti, nafika home mtoto kashalala na mume kanuna, anasema nichague moja, chama au familia. Niache? Mama wa watatu, Temeke

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache uwakilishi, acha hivyo vikao vya jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwakilishi wa chama muda wa kufanya shughuli za chama na mshahara haukatwi, kwa hiyo kusikiliza malalamiko ya wenzako au kwenda kwa HR ni kazi ya mchana hiyo. Mkutano wa wanachama wote wekeni saa ya lanchi.

Na kunyonyesha sio fadhila ya bosi jamani! Kifungu cha 33 kinasema mama anyonyeshe ndani ya muda wa kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Andikeni barua moja, wote mnaonyonyesha msaini, na kama watoto wako mbali ombeni mtoke masaa mawili mapema. Hakikisha unabaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana maneno ya mdomo kesho wanayakana. Bosi akikataa, chama kimpeleke CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, ila msikae sana, malalamiko kama haya mwisho siku 60, na mtu akifukuzwa ni siku 30 tu.

Mumeo nae mkalishe umwambie hayo masaa mawili unayopigania ni ya mwanae. Mi huwa inaniuma, sheria hiyohiyo inampa mama siku 84 za uzazi, baba siku 3, halafu tunashangaa wanaume wakidhani kulea hakuwahusu. Mpangie kabisa, siku ukichelewa yeye ndio anaogesha na kulisha, na asiite kukusaidia.

Barua iandike wiki hii. Halafu waambie wenzako saa ya kutoka kazini ikifika wewe unaondoka, wakitaka kikao cha usiku wachague na mtu wa kukaa nacho.