Majibu ni safi, na bado naumwa

Huu ni mwezi wa 14 naumwa ugonjwa usio na jina.

Nafundisha kidato cha pili hapa Tanga. Ulianza kama mchezo: siku nne au tano nachoka hadi kuinua chaki ni kazi, tumbo linachafuka, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani inanikimbiza chooni. Halafu asubuhi moja naamka mzima, nafua, napika, nacheka. Wiki mbili hazipiti, yanarudi yaleyale. Huku kuja na kuondoka ndiko kunakotesa, maana siku ya kumwona daktari mara nyingi umeshapata nafuu. Unakaa mbele yake umevaa ukavalika, homa huna, unajiona kama mtu aliyekuja kudanganya.

Mwanamke wa miaka 34 akisema ana kichefuchefu, swali la kwanza kila mtu analijua. Nimepimwa mimba mara sita. Shangazi yangu aliacha hata kuuliza, akawa ananitazama tu tumbo. Kipimo chenyewe sikilaumu, daktari asiyekiagiza hajafanya kazi yake. Ninacholalamikia ni kwamba kikisema hapana, wengi huona mazungumzo yamekwisha.

Baada ya mimba yanafuata mafiga matatu ya zahanati zetu: malaria, taifodi na UTI. Katika miezi mitano ya mwanzo nilitibiwa malaria mara mbili, taifodi mara tatu, UTI sikumbuki ngapi. Laiti ningejua mapema mambo mawili. Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha kutobolewa kidole na kungoja mistari, hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mstari ulioonekana siku chache tu baada ya kumaliza dozi haukuthibitisha malaria mpya. Ilifaa niombe damu iangaliwe kwa darubini. Kipimo cha Widal nacho hakimtafuti mdudu wa taifodi mwenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwahi kuwaandaa, na askari hao huweza kuwepo kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya vijidudu vingine kabisa. Mara tatu karatasi yangu ilisomeka 1:80, kiwango cha askari hao, na mara tatu nikaondoka na mfuko wa dawa. Ukiambiwa taifodi kila mwezi, uliza kama damu yako inaweza kuoteshwa maabara kabla ya kumeza dozi nyingine.

Na hizo dawa zenyewe! Metronidazoli inaacha ladha ya chuma mdomoni na inachafua tumbo, siprofloksasini nayo huleta kichefuchefu. Kuna wiki nilitapika nisijue natapika ugonjwa au natapika tiba.

Kilichonisaidia kuliko vyote kilinigharimu bei ya daftari moja nene, kaunta buku. Naandika tarehe, saa, nilichokula, nilivyolala, siku za hedhi, dawa niliyomeza na muda wake. Mwanzoni niliandika ovyo: "nimechoka sana", "leo afadhali". Mwezi ukaisha, nikasoma, sikuona chochote. Ukimwambia daktari unachoka, mwenzio ameshaona wagonjwa 40 tangu asubuhi, naye amechoka. Nikaanza kuandika nilichoshindwa kufanya. "Nimefundisha vipindi vitatu, viwili nimekaa." "Nimepumzika mara mbili kati ya kituo cha daladala na nyumbani." "Nimeshindwa kusuka nywele za mtoto, mikono imelegea." Hayo daktari anaweza kuyapima.

Siku moja mdogo wangu alikuja kunipikia, akalichukua daftari akawa anasoma kwa sauti huku anacheka. Mara akaacha kucheka.

"Dada, mbona kila ukikaribia kuumwa unakula embe bichi na chumvi?"

"Embe bichi nani hali?"

"Sawa, lakini hapa embe hakuna. Umeandika: chumvi, kijiko."

Nilikuwa nimeilamba kweli, jikoni, usiku, nikaandika kwa sababu nilijiwekea sharti la kuandika kila kinachopita mdomoni. Mwenyewe nisingekuja kumwambia daktari hata siku moja. Ningeona aibu, au nisingeona kama ni jambo. Ndiyo maana nasema mpe mtu mwingine asome daftari lako.

Karatasi za majibu weka zote kwenye bahasha moja, kwa mpangilio wa tarehe, na zipige picha kwa simu. Faili linabaki hospitali ile uliyotibiwa, na ukihamia nyingine unaanza upya. Nimewahi kutolewa damu kwa kipimo nilichokuwa nimefanya wiki tatu nyuma, kwa sababu tu karatasi niliiacha nyumbani. Bahasha hiyo sasa ina majibu ya picha kamili ya damu, sukari, figo, ini, tezi ya shingo, VVU, makohozi, choo na altrasaundi. Zote safi. Mwanzo neno "safi" lilinifanya nilie kwenye korido, maana lilisikika kama "huumwi". Sasa nauliza swali moja: "Daktari, kipimo hiki kimeondoa nini, na nini bado hakijaguswa?" Hajatokea aliyekasirika. Mmoja aliweka kalamu chini na kuanza kunihoji upya.

Kuna pesa nilitupa, nikueleze usitupe zako. Kuna watu wanakushikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, dakika moja baadaye kompyuta inataja magonjwa ya mwili mzima, na kwa bahati njema wao wenyewe wanauza virutubisho vinavyoyatibu yote. Nililipa 20,000. Kwangu ilitoa matatizo ya tezi dume.

Chango nimeambiwa, kurogwa nimeambiwa, mwarobaini nimekunywa. Wazee sikuwagombeza, wanatafuta kama ninavyotafuta mimi. Ila kila nilichokunywa nilikiandika, na daktari nilimwambia.

Kazini nilificha miezi minane, kosa kubwa. Walimu wenzangu walishaanza kusema nategea. Nilipomweleza mkuu wa shule, nikiwa na ED mkononi, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazi, na daftari, alimwambia mwalimu wa taaluma asinipangie vipindi vinne mfululizo. Darasani naweka stuli. Siku nzuri nayo ina mtego wake: unataka kulipa madeni yote ya kazi kwa mkupuo, kesho yake huinuki. Siku nzuri mimi nafanya nusu ya ninachoweza, na roho inauma.

Kuna mambo hayangojei daftari wala miadi. Ukitapika hadi maji hayakai, ukizimia, ukichanganyikiwa, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, macho yakiwa ya njano, au kifua kikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wiki iliyopita nilipanda basi la alfajiri hadi Mbezi, Dar es Salaam, na rufaa yangu kwenye bahasha. Daktari, mama mtu mzima, alisoma daftari kurasa nyingi bila kusema neno. Alipofika kwenye chumvi akarudi nyuma kuzitafuta nyingine. Kisha akanilaza, akapima presha: 102 kwa 66. Akaniambia nisimame, tukangoja dakika tatu huku nimeshika ukingo wa kitanda, akapima tena: 78 kwa 50. Katika miezi yote hiyo presha yangu ilipimwa pengine mara 30, kila mara nimekaa.

"Hebu viganja, mwalimu."

Nikampa. Mistari ya viganja imekuwa myeusi, hata mimi niliiona, nikadhani ni jua la kusimamia michezo. Akaangalia na fizi. Akauliza kama natumia mkorogo au krimu yoyote ya ngozi, au kama nimewahi kupewa vidonge vya steroidi. Hapana. Akaniambia chumvi, presha na viganja vimemfanya azifikirie tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, zinatengeneza homoni iitwayo kotisoli, na anataka kujua kama zinafanya kazi. Damu yake huchukuliwa asubuhi, kwa sababu ndipo homoni hiyo huwa juu. "Sikwambii ndiyo ugonjwa wako," alisema. "Nakwambia haujaguswa bado."

Nimefikia kwa binamu yangu Kimara. Majibu ni Ijumaa. Leo kwenye daftari nimeandika: saa 2:15 asubuhi, nimetolewa damu. Vipindi: sifuri. Embe: moja.